Soko Lisilo na Mteja

Kitabu kilikuwa kimoja tu. Hakikupigwa chapa wala hakikurudufiwa. Kila ukurasa ulikuwa ule ule ulioguswa na kalamu ya mchoraji wake. Vijana waliokitengeneza walikaa mbalimbali, huyu kijijini, yule mjini, na kitabu kiliwazungukia kwa zamu kupitia posta. Kikikufikia unakisoma, unaandika maoni yako, unakifunga vizuri na kumpelekea anayefuata. Kikipotea njiani, ndiyo basi.

Hivyo ndivyo Ishinomori Shotaro, mwanafunzi wa mkoa wa Miyagi kaskazini-mashariki mwa Japani, alivyoendesha jarida lake katika miaka ya 1950. Aliliita Bokuju Itteki, yaani tone moja la wino. Miongoni mwa wenzake wa kulizungusha alikuwa Akatsuka Fujio, kijana aliyefanya kazi katika kiwanda cha kemikali jijini Tokyo. Wote wawili walikuja kuwa vigogo wa manga, lakini kinachonivuta mimi si umaarufu huo. Ni ule uaminifu wa kukabidhi kazi yako ya pekee kwa tarishi, ukiamini kwamba kuna mtu upande wa pili atakayeipokea, aitunze, aipeleke mbele. Historia ninayotaka kuisimulia imejengwa juu ya uaminifu huo.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Msomaji wa Kiswahili akisikia manga hukumbuka pilipili manga, au Wamanga waliokuja na majahazi wakati wa kaskazi. Manga ya hapa ni hadithi za katuni za Kijapani, zinazosomwa na watoto, wazee, makarani na mama wa nyumbani. Na dojinshi ni vitabu ambavyo wapenzi wa hadithi hizo hujitungia, hujichorea na kujichapia wenyewe, bila kampuni ya uchapishaji.

Mwaka 1967 Tezuka Osamu, mchoraji aliyeheshimika kuliko wote katika fani hii, alizindua jarida la kila mwezi lililoitwa COM. Ndani yake aliendeleza Hi no Tori, hadithi yake kubwa ya ndege wa moto. Hata hivyo, kwa vijana wa mikoani kurasa zilizosomwa kwa kiu zilikuwa zile za Gura-Con. Huko walituma michoro yao ikahakikiwa, na vikundi vya mashabiki vilijuana kwa majina na anwani. Kijana aliyekuwa akichora peke yake katika mji mdogo alifungua COM akagundua kwamba hayuko peke yake. Zile njia za posta ambazo Ishinomori na wenzake walizitengeneza kwa juhudi binafsi sasa zilikuwa na kituo kikuu.

Kituo hicho kikafa. COM ilisimama mwishoni mwa mwaka 1971. Mwaka 1973 ilijaribu kufufuka, likatoka toleo moja, ikazama tena, na mwaka huo huo Mushi Production, studio aliyoianzisha Tezuka, ikafilisika. Vikundi vikabaki yatima. Jarida lilikuwa la kampuni, na kampuni ilipoanguka, mashabiki hawakuwa na la kufanya ila kuangalia. Watu wachache walilitafakari sana jambo hilo, na naamini jibu walilolipata ndilo lililofanya kila kilichofuata kiwezekane.

Mmoja wao alikuwa Yonezawa Yoshihiro, mzaliwa wa Kumamoto mwaka 1953, aliyekwenda Tokyo kusoma Chuo Kikuu cha Meiji. Pamoja na Harada Teruo, Aniwa Jun na wenzao waliunda kikundi cha uhakiki wa manga kilichoitwa Meikyu. Wakati huo mkutano mkubwa wa mashabiki ulikuwa Nihon Manga Taikai, ulioanza mwaka 1972. Mwaka 1975 shabiki mmoja aliyeukosoa mkutano huo alizuiwa kushiriki. Meikyu walipinga, na badala ya kuishia kwenye malalamiko wakaamua kuanzisha cha kwao, mahali ambapo hakuna atakayefukuzwa kwa sababu ya maoni yake.

Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1975, katika jengo la wazima moto mtaa wa Toranomon, Tokyo, wakafungua Comic Market ya kwanza. Watu waliifupisha wakaiita Comiket. Vikundi 32 vilipanga vitabu vyao mezani. Wageni walikadiriwa kufika 700.

Ni akina nani hao 700? Picha iliyoenea ya shabiki wa manga ni ya mwanamume mpweke mwenye miwani. Lakini karibu tisa kati ya kila kumi wa siku ile walikuwa wasichana wa shule za kati na sekondari. Walivutwa na manga za wasichana, fani iliyokuwa inageuzwa juu chini na wanawake vijana kama Hagio Moto, Takemiya Keiko na Oshima Yumiko, wachoraji waliothubutu kuandika juu ya kifo, wakati, upweke na mapenzi yasiyo na jina. Wakati magazeti ya watu wazima yalipoziona kazi hizo kama pipi za watoto, wasichana hawa walizihakiki ukurasa kwa ukurasa kwenye vijitabu vyao. Wao ndio waliojenga msingi. Kila ninaposoma historia inayoanza na wanaume na vinyago vyao vya roboti, huwa naona deni halijalipwa.

Na vijitabu vyenyewe! Aliyesoma shule za Afrika Mashariki enzi za mitihani ya stensili atavielewa haraka. Wajapani nao walikuwa na karatasi ya nta, iliyowekwa juu ya bamba lenye mikwaruzo na kuandikwa kwa kalamu ya chuma, kisha wino ukasukumwa kwa rola, nakala baada ya nakala, hadi mikono ikawa myeusi. Kwa mtindo huo kikundi kiliweza kutoa nakala chache tu na kuvifunga vitabu chenyewe kwa mkono. Baadaye viwanda vidogo vya uchapaji vikashusha bei za ofseti na kuanza kuwahudumia mashabiki hawa moja kwa moja, mpaka vikaweka tarehe zao za mwisho za kupokea kazi kwa kufuata kalenda ya Comiket.

Ukumbi wa Toranomon ulikuwa mdogo. Wakahamia Itabashi, kisha Ota, kisha Kawasaki, wakihama kila nafasi ilipobana, kama familia inayopanga chumba huku watoto wanaongezeka. Harada aliongoza miaka ya mwanzo. Kuanzia mwaka 1980 usukani ukawa kwa Yonezawa, na aliushika miaka 26. Mwaka 1981 waandaaji waligawanyika, kundi moja likajitenga na kuendesha soko lake, na mwaka huo Comiket ikajikuta ikitafuta pa kuhamia tena. Ikaishia Harumi, kwenye kumbi kubwa za maonesho ya biashara kando ya Ghuba ya Tokyo. Wengi walidhani kumbi zile zitawameza. Miaka michache baadaye zilikuwa zimejaa.

Utaratibu wa ndani ndio unaonifanya niiheshimu kazi hii kuliko ukubwa wake. Comiket haina mteja. Anayeuza ni mshiriki, anayenunua ni mshiriki, na anayebeba meza ni mshiriki pia. Hao wabeba meza, ambao katika miaka ya karibuni ni takribani 3,000, wanajitolea bila mshahara. Anayeingia mlangoni haambiwi kwamba mteja ni mfalme. Anaambiwa kwamba mahali hapa ni pake kama palivyo pa mwenzake, kwa hiyo asubiri foleni, asilale nje usiku wa kuamkia maonesho, aondoke na taka zake. Sheria hizi hazikuanza kama maneno ya ukutani. Zilitokana na lile funzo la COM: ukiwa msomaji tu, jarida likifa unaomboleza, lakini ukiwa sehemu ya wanaoliendesha, unatafuta ukumbi mwingine.

Kila kikundi hupeleka maombi miezi mingi kabla, pamoja na mchoro mdogo wa kujitambulisha, mdogo kama stempu kubwa. Maombi huzidi nafasi, hivyo hupigwa kura. Aliyebahatika hupata nusu ya meza: meza moja ndefu ya sentimita 180, vikundi viwili, kila kimoja sentimita 90. Wachoraji wanaojulikana nchi nzima na mwanafunzi anayeleta nakala 20 za kitabu chake cha kwanza hupimiwa kwa rula hiyo hiyo. Meza hupangwa kwa mafungu yanayoitwa visiwa, kufuatana na mada. Vikundi vinavyotarajiwa kuvuta watu wengi huwekwa ukutani karibu na milango, si kwa heshima, bali ili foleni zao zielekezwe nje zisizibe njia. Ile michoro midogo hukusanywa kwenye katalogi ambayo kwa miaka mingi ilizidi kurasa 1,000. Wenyeji hukaa nayo usiku kucha wakitia alama kwa kalamu za rangi na kuchora ramani ya safari yao.

Asubuhi sauti hutangaza kwamba Comiket imeanza, na ukumbi mzima hupiga makofi. Saa ya kufunga ikifika hupigwa tena. Hakuna aliye jukwaani wa kushangiliwa. Wanapigiana wenyewe.

Katikati ya miaka ya 1980 lilikuja wimbi la Captain Tsubasa, hadithi ya Takahashi Yoichi kuhusu kijana wa kandanda. Waswahili waliokulia Omani na nchi za Ghuba wanamjua kijana huyo kwa jina la Captain Majid, maana ndivyo alivyoitwa runingani kwa Kiarabu. Hadithi iliandikwa kwa ajili ya wavulana, wasichana wakaichukua. Waliwatoa wachezaji uwanjani, wakawaandikia urafiki, wivu, mapenzi na machozi ambayo mwandishi hakuyachora, na visiwa vya meza vikajaa vitabu vya Tsubasa. Ilikuwa pia shule kubwa ya wachoraji. CLAMP, kundi la wanawake ambalo baadaye vitabu vyake vilisambaa duniani kote, lilianza katika miaka hiyo kama kikundi cha dojinshi kabla ya kuingia kwenye kazi ya kulipwa mwaka 1989.

Swali la haki za mwandishi linasumbua hapa, na sipendi kulikwepa. Vitabu vingi vya Comiket hutumia wahusika wa watu wengine bila ruhusa ya maandishi. Kisheria ni mahali pembamba. Kwa muda mrefu wachapishaji wengi wamenyamaza, wakijua kwamba mashabiki hawa ndio wasomaji wao wa kwanza na kwamba waandishi wao wa kesho wamekaa kwenye meza zile. Ukimya huo si kinga. Mwanzoni mwa mwaka 1999 mwanamke mmoja alikamatwa kwa dojinshi aliyoichora juu ya Pokémon, na vikundi vya nchi nzima vikatambua jinsi kamba wanayotembea juu yake ilivyo nyembamba. Mimi nasimama upande wa wachoraji wa meza ndogo, ila namwelewa pia anayeona mtoto wake wa kufikirika akivalishwa nguo asizozishona yeye.

Mwaka 1989 ndipo nyumba ilipotikiswa. Mwezi Julai alikamatwa mtu aliyewaua wasichana wanne wadogo, na polisi wakakuta chumbani mwake kanda za video zaidi ya 5,000. Magazeti na televisheni hazikukawia: mpenzi yeyote wa katuni akawa mtuhumiwa. Neno otaku, lililokuwa la utani baina ya mashabiki, likawa tusi la kitaifa. Wiki chache baadaye, mwezi Agosti, Comiket ilifunguliwa Harumi kama ilivyopangwa. Vikundi vilikuwa 10,000 na watu wapatao laki moja. Fikiria kijana wa miaka 16 akitoka kwao asubuhi ile, mama akimtazama mlangoni na habari za televisheni zikiwa bado masikioni mwake. Alikwenda. Walikwenda wote.

Mwisho wa mwaka huo walihamia Makuhari Messe, ukumbi mpya mkubwa katika mkoa wa Chiba. Ulionekana kuwa makao ya kudumu. Lakini mapema mwaka 1991 polisi waliwakamata wauza vitabu wa Tokyo kwa kuuza dojinshi zilizohesabiwa kuwa chafu, malalamiko yakafika pia Chiba, na miezi michache kabla ya maonesho ya kiangazi Makuhari ikawafungia mlango. Maelfu ya vikundi vilikuwa vikisubiri.

Hapa Yonezawa alionesha alivyo. Angeweza kupiga kelele za uhuru wa kusema, na angekuwa na hoja. Angeweza pia kuwatupa nje wachoraji wa vitabu vya watu wazima ili waliobaki wapone. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alirudi Harumi kuomba nafasi, na akakubali kwamba kuanzia hapo nakala moja ya kila kikundi itapekuliwa na waandaaji asubuhi kabla ya kuuza, kuona kama inavunja sheria ya nchi. Ukaguzi wakaufanya wao wenyewe, meza kwa meza, macho kwa macho. Agosti 1991 Comiket ya 40 ikafanyika Harumi. Wapo waliomlaumu kwamba alikubali mno. Mimi nadhani aliona mbali: nyumba ya watu wote haiwezi kuokolewa kwa kumtoa mmoja wao nje.

Na zile nakala za ukaguzi hazikutupwa. Zilihifadhiwa. Kikundi kilichouza vitabu 15 kisha kikavunjika kabla ya masika kina alama yake kwenye boksi fulani.

Mwaka 1996 ulifunguliwa ukumbi wa Tokyo Big Sight huko Ariake, kwenye ardhi iliyofukiwa baharini, jengo lenye piramidi nne zilizopinduliwa juu chini. Comiket ilihamia Agosti mwaka huo na huko ndiko iliko hadi leo, mara mbili kwa mwaka, kiangazi na mwisho wa Desemba. Vikundi vikafika 35,000 kwa siku tatu, wahudhuriaji wakapita nusu milioni. Joto la Agosti humo ndani ni la kutisha. Mwaka 2013 watu walipiga picha ukungu uliotanda chini ya dari, wakauita wingu la Comiket.

Yonezawa hakuliona wingu hilo. Aliugua saratani ya mapafu, akakabidhi uongozi, na mara baada ya hapo, tarehe 1 Oktoba 2006, akafariki akiwa na miaka 53. Uongozi ulipokewa na watu watatu kwa pamoja. Nyumbani aliacha vitabu na majarida yaliyojaza maboksi zaidi ya 4,000, kwa maana alikuwa mwanahistoria wa manga kabla ya kuwa kiongozi wa chochote. Alikwisha kuchapisha historia ya manga za wasichana baada ya vita vya dunia akiwa bado kijana. Mkusanyiko huo ukapewa chuo alichosomea, na mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Meiji kikaufungua kama maktaba yenye jina lake. Humo ndani yamo majarida ambayo wachapishaji wake walishayasahau.

Mwishoni mwa mwaka 2012 kulikuja vitisho vya barua juu ya hadithi ya Kuroko no Basuke, na waandaaji wakalazimika kuwaomba mamia ya vikundi vya hadithi hiyo wasije. Ulikuwa uamuzi mchungu, na mwandishi wa barua hizo alikamatwa mwaka uliofuata.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2019 sehemu ya Big Sight ilikuwa imechukuliwa kwa maandalizi ya Olimpiki, Comiket ikatandazwa kwa siku nne badala ya tatu, na mwezi Desemba ikavunja rekodi kwa wahudhuriaji 750,000. Ya 98 ilisogezwa hadi mwanzoni mwa Mei 2020 ili kuipisha michezo. Tarehe 27 Machi ikatangazwa kwamba haitafanyika. Tangu mwaka 1975 halikuwahi kutokea jambo hilo. Walihama, waligombana, walifungiwa mlango, hawakuwahi kufuta. Katalogi ilikuwa tayari. Waliitoa hivyo hivyo, na mashabiki wakanunua katalogi ya soko ambalo halipo, wakijua fedha yao inalipa nini. Siku ambazo soko lingefanyika, vikundi vilioneshana kazi kwa mbali, kila mtu chumbani kwake, mtindo ambao Ishinomori na Akatsuka wangeuelewa mara moja.

Comiket ya 99 iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Viwanda vidogo vya uchapaji vilivyoishi kwa kazi za mashabiki vilikosa kazi msimu baada ya msimu. Waandaaji walikaa na hesabu za ukumbi, idadi ya watu wanaoweza kuingia, na hofu kwamba mkusanyiko wao ungeweza kuua mtu. Pengo likawa la miaka miwili.

Tarehe 30 Desemba 2021 milango ikafunguliwa. Tiketi zilikuwa za kuomba mapema, watu 55,000 tu kwa siku, kila mmoja akionesha cheti cha chanjo au cha kipimo, barakoa usoni. Njia kati ya visiwa vya meza zilikuwa pana kuliko mtu yeyote alivyozizoea, na watu waliokuwa wakisukumana mabega sasa walipishana kwa heshima. Agosti 2022 Comiket ya 100 ilifunguliwa wakati kimbunga kikinyesha mvua juu ya Tokyo, na foleni ilisimama ndani ya makoti ya plastiki, vitabu vikikumbatiwa kifuani visilowe. Mwisho wa mwaka 2024 wahudhuriaji walikuwa wamefika tena 300,000 kwa siku mbili.

Asubuhi ile ya Desemba 2021, kabla ya tangazo la kufungua, wakaguzi walipita meza kwa meza kama walivyofanya tangu Harumi. Kila kikundi kilitoa nakala yake moja. Walizifungua, wakazipitia, wakarudisha shukrani, na nakala zikaanza kupangwa ndani ya maboksi mapya.